Rundo la Mawe Shambani: Namna ya Kulitambua Kaburi la Kale, na la Kufanya Ukilikuta

Ukiishi kandokando ya Mlima Meru, mawe hayakushangazi. Kuanzia Akheri na Nkoaranga hadi King'ori na Oldonyo Sambu, jembe likishuka hugonga jiwe, na karibu kila shamba lina rundo lake pembeni. Marundo mengi ni mawe tu. Lakini kaskazini mwa Tanzania yapo pia marundo ambayo chini yake amelala mtu, na amelala humo tangu kabla jembe la chuma halijajulikana huku. Makala hii ni kwa ajili ya siku utakayokutana na rundo la namna hiyo, iwe unachimba msingi wa nyumba, unafyeka njia ya mfereji au unachunga ng'ombe.

Tuanze na watu wenyewe. Yapata miaka 3000 iliyopita, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa tayari wamefika kaskazini mwa nchi yetu, wakifuata Bonde la Ufa kutoka kaskazini. Hawakuwa na chuma. Visu vyao vilikuwa vipande vya mawe, na vizuri kuliko vyote vilitoka kwenye obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano ambacho ukikipasua kinatoa makali kama wembe. Walifinyanga vyungu, walichonga bakuli za mawe, na walivaa shanga za mawe na za maganda ya mayai ya mbuni. Makazi yao makubwa kuliko yote yaliyokwisha kujulikana Tanzania ni Luxmanda, katika mkoa jirani wa Manyara, na yana umri wa miaka kama 3000. Wafugaji wa jamii hiyo walikuwa na desturi ya kuwafunika wafu wao kwa mawe.

Mahali pa karibu ambapo makaburi hayo yamechimbwa kitaalamu ni Ngorongoro, chini kabisa ndani ya kreta. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili walowezi wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba humo, na katika shughuli zao walikutana na marundo ya mawe yenye mifupa ya watu. Hans Reck, mwanajiolojia wa Kijerumani aliyeongoza uchimbaji wa Olduvai mwaka 1913, alichimba baadhi yake. Louis Leakey alirudi kuyachimba mwaka 1941, ingawa taarifa yake haikuchapishwa hadi mwaka 1966. Kisha Hamo Sassoon, aliyekuwa akisimamia mambo ya kale nchini baada ya uhuru, alifungua rundo jingine na kuchapisha matokeo mwaka 1968. Pamoja na mifupa, makaburi haya yalitoa bakuli za mawe na shanga za mawe, na vipimo viliyaweka zaidi ya miaka 2000 nyuma. Hiyo ni enzi ambayo hapakuwa na Mmaasai, Mmeru wala Mchaga aliyekuwa akiitwa hivyo katika nchi hii.

Kaburi lenyewe lilijengwaje? Kwa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, kazi ilianza na shimo fupi, si refu kama tunalochimba leo. Mwili ulilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mara nyingi marehemu aliwekewa vitu: ushanga aliouvaa, bakuli la jiwe, mchi wa kusagia. Halafu mawe yakapangwa juu, na mengine yakarundikwa hadi likatokea tuta la mviringo linaloonekana kwa mbali. Kule Hyrax Hill, jirani na mji wa Nakuru nchini Kenya, Mary Leakey alichimba makaburi ya namna hii mwaka 1937, akakuta wanawake wamezikwa na sahani bapa za mawe na michi yake. Na kwenye pango la Mto Njoro, si mbali na hapo, mwaka 1938 yeye na mumewe Louis walikuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, kila mmoja kwa wastani ana bakuli lake na jiwe lake la kusagia. Kwa hiyo hata wafugaji waliofanana kwa vyombo na mifugo hawakuzika kwa namna moja. Mila zilitofautiana kutoka bonde hadi bonde, kama zinavyotofautiana leo kati ya Tengeru na Monduli.

Kaburi kubwa kuliko yote ya aina hii Afrika Mashariki ni la Lothagam Kaskazini, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, na ningependa ulifahamu kwa sababu linatufundisha jinsi watu wa kale walivyoweza kupanga kazi. Ni la miaka 5000 hadi 4300 iliyopita, wakati ziwa lilikuwa linapungua na wafugaji wa kwanza wanaingia nchi ile. Walisawazisha jukwaa la mawe lenye upana wa mita kama 30. Katikati yake waliondoa mchanga wa ufuo wa kale mpaka wakafika kwenye mwamba, wakapata shimo la mita za mraba zipatazo 120. Humo ndani walizika watu wao kwa karne kadhaa, mmoja baada ya mwingine, wamebanana, mpaka shimo likajaa. Wataalamu wanakadiria kwamba wamo watu wasiopungua 580. Mwisho walilifunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo za mawe walizozibeba kutoka umbali unaofika kilomita moja. Kaburi la mawe makubwa ya namna hiyo wataalamu huliita la megalithi.

Kinachonigusa zaidi Lothagam si ukubwa wake. Wamo wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja ana pambo. Hakuna pembe iliyotengwa kwa ajili ya chifu na ukoo wake. Mmoja wao alizikwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa nyikani, na kuyapata ilibidi kukamata zaidi ya panya 100. Ulimwenguni tumezoea kudhani kwamba jengo kubwa lazima liwe na mfalme wa kuliamuru. Hapa wafugaji wasio na mfalme walijenga, na wakaendelea kuzika mahali pamoja vizazi na vizazi.

Sasa turudi shambani kwako. Utajuaje kwamba rundo ulilonalo ni kaburi? Kwanza ondoa yale yasiyo makaburi, maana ni mengi. Upande wa mashariki wa Meru, kuanzia Momella na Ngurdoto kuteremka chini, kuna vilima vidogo vingi vya mviringo ambavyo mgeni angeviapia kuwa vimejengwa na watu. Ni mabaki ya mlima wenyewe: maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na mawe na tope vikamwagika mbali sana, vikaacha vilima hivyo na mabonde ambayo leo ni maziwa ya Momella. Kilima cha namna hiyo kimechanganyika udongo na mawe ya kila ukubwa mpaka ndani kabisa.

Pili, kuna marundo ya wakulima. Mfano mzuri uko Engaruka, wilayani Monduli, ambako kati ya karne ya 15 na ya 18 watu walilima kwa umwagiliaji eneo la kilomita za mraba zipatazo 20, na kuta zao za mawe na mifereji yao bado inaonekana. Engaruka ina marundo makubwa ya mawe, na watafiti wa mwanzo waliyachukulia mengi kuwa makaburi. Yalipochunguzwa zaidi ilionekana kwamba mengi ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Ikiwa wataalamu walitatizika, nawe usione haya kutokuwa na uhakika.

Dalili za kutazama ni hizi. Rundo la mkulima huwa limetupwa ovyo, liko mpakani au kwenye sehemu isiyolimika, na lina mawe madogo mengi. Kaburi kwa kawaida lina umbo: ni mviringo, mara nyingine limezungushiwa mawe makubwa yaliyopangwa kwa kugusana, na linaweza kuwa mahali penye mandhari, kama mgongo wa kilima au juu kidogo ya mto. Mawe yake yamezama ardhini na kuota ukungu mkavu wa kijivu, kwa sababu hayajaguswa muda mrefu. Ukikuta jirani vigae vya chungu, vipande vya kioo cheusi cha volkano au jiwe lililochongwa shimo kama bakuli, una sababu ya kusimama. Ukikuta mfupa wa mtu, simama hapohapo.

Kabla hujampigia mtu yeyote wa serikali, kuna wa kuuliza karibu zaidi. Nao ni wazee. Si kila kaburi la mawe ni la miaka 2000. Wamaasai zamani walimfunika kwa mawe laiboni au mzee mwenye heshima, na mpita njia aliongeza jiwe lake juu. Wadatoga, waliokaa Ngorongoro kabla ya Wamaasai, humzika mzee wao mkubwa kwa sherehe ya bung'eda, ambapo hujengwa tuta refu la udongo, samadi na fito, na ukoo hukusanyika kwa miezi kadhaa. Kwa Wameru utamwona mshili wa ukoo. Kwa Waarusha na Wamaasai, laigwanani. Wakikuambia kaburi ni la babu wa fulani, jambo limekwisha: hilo ni la familia, na familia ndiyo yenye neno.

Wazee wasipolijua, hatua inayofuata ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Mweleze umekuta nini na wapi. Yeye anapaswa kulifikisha kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na kutoka hapo kwenda Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ukiwa mjini Arusha unaweza pia kwenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, juu ya Barabara ya Boma. Ikiwa mfupa unaonekana mpya, au kuna nguo, vifungo au plastiki, basi hilo si suala la makumbusho, nenda polisi. Kutoa taarifa hakulipiwi popote, na mtu akikudai pesa ili alipokee jambo lako, mdai risiti ya serikali ya malipo hayo.

Wakati unasubiri, fanya machache. Piga picha kwa simu kutoka pande nne, na uweke kitu unachokijua ukubwa wake, kama jembe, karibu na mawe. Andika tarehe. Kama kitu kimekwisha kutoka ardhini, kiache pale kilipo na ukifunike kwa udongo kidogo au turubai. Usikioshe, usikisugue, usikipeleke nyumbani. Kilichobaki chini kisiguswe. Funga ng'ombe mbali na eneo, na uwaambie vijana wa kuchimba mchanga na kokoto wahamie upande mwingine.

Kwa nini nakazia hivyo? Kwa sababu ya hazina. Mikoani kote, na hapa kwetu hasa, kuna imani kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu na rupia, na kwamba rundo la mawe au jiwe lenye alama ndiyo ramani yake. Watu wazima wenye akili zao wameacha mashamba wakaenda kubomoa makaburi usiku. Nakuambia wazi: ndani ya makaburi ya wafugaji hawa hamna dhahabu wala chuma wala fedha, kwa kuwa waliozika hawakuwa navyo. Ndani mna mifupa, udongo, shanga za mawe na bakuli zito ambalo halina bei sokoni. Anayekuja na kipima madini na kukuomba utangulize pesa ya mafuta na ya mganga anakuibia wewe kwanza, kisha anamvunjia heshima marehemu.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hata kama hakuna kibao wala uzio. Kuchimba bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale ni kosa, na kuvipeleka vitu hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa vilevile. Watu wengi huogopa kwamba wakisema, shamba litachukuliwa. Kutoa taarifa peke yake hakuhamishi umiliki wa shamba lako. Kinachobadilika ni kwamba ile sehemu yenye kaburi haitabomolewa wala kulimwa. Mara nyingi hiyo ni nafasi isiyozidi ile ya banda la mbuzi.

Wataalamu wakija, watafanya nini? Hawatakuja na sururu na kuondoka na gunia jioni. Mtafiti wa akiolojia, yaani sayansi ya kusoma maisha ya kale kupitia vitu vilivyobaki ardhini, anapaswa kuwa na leseni ya Mambo ya Kale pamoja na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwombe akuonyeshe, mtafiti wa kweli hachukizwi na ombi hilo. Ataanza kwa kupima na kuchora kila jiwe lilipo. Kisha atafunga kamba kugawa rundo katika miraba au robo, na kuondoa robo moja kwa wakati, ili ukuta wa udongo unaobaki umwonyeshe tabaka zilivyopandana: lipi shimo la kwanza, lipi lilifukiwa baadaye, wapi panya au mwizi alipita. Karibu na mifupa huacha koleo na kushika mwiko mdogo, brashi na vijiti vya mianzi. Udongo wote hupita kwenye chekeche, kwa sababu shanga moja ya ganda la yai la mbuni ni ndogo kuliko punje ya mahindi.

Ndiyo maana kitu kilichong'olewa na kupelekwa kwa mtaalamu kwenye mfuko wa rambo kimepoteza karibu kila kitu. Bakuli likiwa mkononi ni bakuli tu. Likiwa pale lilipowekwa, linaeleza lilikuwa la nani, liliwekwa kichwani au miguuni, limepinduliwa au limekaa wima, na ni la mazishi ya kwanza au ya pili. Mawe yenyewe yana habari: yametoka mto gani, yamebebwa umbali gani, yalirundikwa siku moja au yaliongezwa kidogokidogo kwa miaka.

Umri hupimwa kwa mkaa au mfupa. Kila kilicho hai huwa na aina ya kaboni yenye mionzi, na kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5730 hivi. Maabara hupima iliyobaki na kukokotoa muda. Sampuli moja hugharimu dola mia kadhaa, na mwenye kulipa ni mradi wa utafiti, kamwe si mwenye shamba. Siku hizi mifupa inaweza pia kusomwa vinasaba, yaani ile asili tunayorithi kwa wazazi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyosoma vinasaba vya watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania, wakiwemo waliozikwa katika pango la Gishimangeda wilayani Karatu. Ilionyesha kwamba wafugaji wa kwanza walichanganya damu ya watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika na ya wawindaji waliowakuta hapa. Kwa hiyo marehemu wa rundo lile hakuwa mgeni aliyepita. Kuna uwezekano mkubwa damu yake inatembea miongoni mwetu.

Una haki ya kuuliza maswali kabla ya jembe la kwanza. Mifupa itahifadhiwa wapi? Shimo litafukiwa lini na mawe yatarudishwaje? Taarifa italetwa kijijini kwa Kiswahili? Vibarua watachukuliwa hapahapa? Wazee wakitaka kufanya tambiko kabla, jambo hilo lisemwe mapema kwenye mkutano wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Kwa maoni yangu, uchimbaji ambao kijiji hakikuelezwa matokeo yake ni kazi iliyoachwa nusu, hata kama umechapishwa kwenye jarida kubwa.

Na kama unataka kuona kwa macho? Anza na mjini kwenyewe, pale Boma, ambako unaweza kupata msingi wa habari za chimbuko la binadamu. Kwa Ngorongoro, magari ya abiria ya Karatu huondoka stendi za Arusha, yakipitia Makuyuni na Mto wa Mbu. Kutoka Karatu unahitaji gari la kuingia hifadhini kupitia lango la Loduare, na kushuka kreta lazima gari liwe na uwezo wa njia mbaya. Gharama kubwa ni hilo gari, kwa hiyo nendeni kikundi, shule au kikoba, mgawane. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, lakini beba kitambulisho cha taifa, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Ulizia viwango vya mwaka huo katika ofisi ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kabla hamjachangishana. Mwambieni mwongoza wageni mapema kwamba mnataka kuona makaburi ya kale na magofu ya nyumba ya Siedentopf kwenye mto Munge, kwani safari za kawaida hupita zikifuata simba na faru. Kushuka kwenye gari ndani ya kreta kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu, kwa hiyo mtaangalia mengine mkiwa garini.

Engaruka ni rahisi zaidi kwa mfuko. Kutoka Mto wa Mbu unaelekea kaskazini kilomita kama 60 kwa njia ya vumbi, na kijijini utapata mwenyeji wa kukutembeza kwa miguu kati ya kuta na mifereji. Patana naye bei kabla ya kuanza, nenda asubuhi kabla jua halijakaza, chukua maji ya kutosha, na utembee pembeni ya kuta badala ya juu yake, maana zimepangwa bila udongo wa kushikiza.